Mashine ya Hewa Uliyotutumia

Mulongwe, Uvira
Tarehe 9 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Emery,

Nakusalimu sana, wewe na mke wako Gikundiro na mtoto wenu Ihirwe. Baridi ya Ubelgiji imeanza kuwaachia? Na kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa Noeli kimepona kabisa, au unakificha ili usikose kazi ya maabara? Hapa mimi na binti yangu Divine tupo. Malaria ilimrudia, lakini ameshaamka kitandani na anakula ugali. Neno "wazima" ndilo siwezi kuliandika.

Simu hazishiki tena. Barua hii anaichukua Damien, jirani yetu muuza samaki, anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Atakutumia kutoka huko. Kabla mtandao haujakatika nilikuandikia tu kwamba Shangazi ametutoka. Yeye ndiye aliyekulea tangu mama yetu afariki, na haifai ubaki na maneno hayo peke yake.

Shangazi Mukamurenzi alishuka kutoka milimani mwezi wa pili, amebebwa kwenye kipoyi na vijana wa kanisa. Moshi wa kuni ulikuwa umemla mapafu miaka yote, na kule kulala porini wakikimbia vita kukammaliza. Alifika kwenye kituo chetu cha afya midomo imegeuka rangi, hawezi kutamka maneno manne bila kutua. Mitungi ya oksijeni iliyokuwa inatoka Bujumbura ilikuwa imeacha kuja. Tulikuwa na mashine yako tu, ile uliyotutumia mwaka jana tuijaribu.

Pitchou, fundi wetu wa kuran ya umeme, aliipasha moto polepole kutwa nzima kama ulivyomfundisha. Jioni Shangazi aliwekewa mpira puani. Emery, ningependa ungeiona ile sura. Midomo ilirudi kuwa midomo. Aliomba maziwa. Akaniuliza mule ndani mna kitu gani kinachonguruma. Nikamwambia mna tyubu za udongo uliochomwa, nyeusi, nyembamba. Zikiwa baridi hazipitishi kitu. Zikipata moto kama wa tanuru la matofali, hewa inazizunguka, na oksijeni peke yake inapenya ule ukuta. Hewa nyingine yote inabaki nje. Kisha inapozwa, inakuja puani.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Emery alienda kusomea kuchuja upepo, sawa vile tunachuja maziwa! Umwambie iko tamu."

Nilitaka kukwambia siku ileile. Nikangoja apate nguvu aseme mwenyewe.

Alikaa hivyo majuma kadhaa. Alikuwa anaketi kitandani, anawahadithia wagonjwa habari za ng'ombe wake, kila mmoja kwa jina lake, kana kwamba bado wako malishoni. Hata mimi nilianza kuamini. Nilimshonea kitenge cha kuvaa Pasaka.

Ndipo mvua ikanyesha juu milimani. Mto Mulongwe ulifurika mchana, ukaleta mawe na matope, ukaangusha nguzo za umeme. Batri za sola hazikuweza kuushika moto ule peke yake. Tukawasha jenereta, lakini mazutu ya kuiendesha ilikuwa inatoka ng'ambo, na mpaka ulikuwa umefungwa. Pitchou alizunguka mji mzima kwa miguu, akarudi na bidoni ya mazutu iliyochanganywa na maji. Jenereta ikakohoa, ikazima.

"Yaya, dada yangu, tuifunike," aliniambia. "Ikipoa mbio, zile tyubu zitapasuka."

Tulivua blanketi kwenye vitanda tukalifunga lile sanduku kama mtoto mwenye homa. Pengine lingepoa taratibu. Lakini maji yaliingia chini ya mlango. Tulijaribu kulinyanyua, likatuunguza mikono, ni zito, na maji yakaligusa kwa chini. Tukasikia ta, ta, ta ndani yake, kama mahindi kwenye kikaango. Pitchou alikaa palepale kwenye matope.

Kuran iliporudi tuliipasha tena, tukiomba. Kile kipimo ulichotuwekea kilionyesha hewa ya kawaida tu, hii tunayovuta sote. Nilimrudishia Shangazi mpira puani hata hivyo. Sikuweza kumwacha bila kitu. Alivuta kidogo, akanitazama.

"Uwimana, weye usinidanganye. Hii ni upepo."

"Ni upepo, Shangazi."

"Basi imekufa?"

"Imekufa."

Aliutoa mpira mwenyewe, akauweka mkononi mwangu, akaufunga mkono wangu juu yake. Akaomba nimsogeze dirishani. Alihangaika siku mbili. Sitakuandikia zile siku mbili. Mwishoni hakuwa na pumzi ya kuomba, kwa hiyo tulimwombea sisi, na katikati ya sala akaacha.

Alitaka kuzikwa juu, karibu na mume wake. Njia ya kupanda haipitiki. Tulimzika huku chini, na kila tulipochimba maji yalipanda kaburini. Wanaume waliyateka kwa ndoo, yakarudi. Tulimteremsha hivyohivyo.

Sasa nakuja kwenye ile habari yako kwamba mnatengeneza nyingine, ya moto mdogo zaidi, na kwamba utaituma. Mdogo wangu, usiitume. Mashine yako haikuwa mbaya, usilale ukifikiri hivyo. Udongo wako ulifanya kazi yake. Udongo huo unataka moto usiozimika, nasi hatuna. Wala sioni utakakotoka. Wape watu ambao kuran yao haikatiki. Pitchou amenipa kipande cha tyubu iliyopasuka, nimekifunga ndani ya pamba, anasema huenda kitakusaidia kazini. Tangu siku ile hajagusa vyombo vyake.

Usije pia. Najua utataka kuja. Hakuna pa kupitia, na nisingekuwa na la kukuonyesha ila udongo uliolowa.

Msalimie Gikundiro, mwambie nguo za mtoto zilifika na nimewagawia wazazi wa hapa kituoni. Nisalimie baba yetu mdogo Twagirayezu mkionana kanisani. Mweleze taratibu, alimpenda sana dada yake. Divine anakusalimu.

Nimeitwa, naacha hapa. Kuna mama amefika kwa miguu kutoka Lubarika na mtoto mgongoni, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta. Ameambiwa njiani kwamba Mulongwe kuna mashine ya hewa. Naenda kumwambia.

Mungu awape pumzi ninyi mlio mbali.

Dada yako akupendaye,
Uwimana