Nyuso za Ukuta wa Cooperativa

Palma, 14 Oktoba 1979

Mjomba wangu Ussene,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Dar es Salaam, wewe, mke wako na wanao. Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako, anakusalimu sana. Goti linamsumbua, lakini maji yakipwa haketi nyumbani. Anachukua chuma chake, anakwenda mwambani na wenzake kuchokoa pweza.

Sanduku la rangi limefika. Atumane, yule uliyemtuma, alivuka nalo mto Ruvuma amelibeba kichwani kama bibi harusi. Nilipolifungua nikaona zile tyubu zimelala safu safu, nikazihesabu mara mbili. Unajua mimi michoro yangu yote ya darasa ninalofundisha la alfabetização, kisomo cha watu wazima, naifanya kwa mkaa na chaki. Mtu akifuta kwa bega, imekwenda.

Lakini mjomba, rangi hizi zimenishinda. Nilikamua nyekundu na njano kwenye sahani, nikainuka kugeuza wali. Kurudi, zimekauka, zimekuwa kama ngozi juu ya maziwa. Burashi nayo imegeuka mswaki. Nilidhani ni rangi za mafuta kama zile unazoandikia mabango. Nifundishe. Sina mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako,
Awa

*

Dar es Salaam, 2 Desemba 1979

Mpwa wangu Awa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Sisi tuko salama, ila sabuni na sukari vinatafutwa kwa tochi tangu vita vya Uganda. Mwambie dada yangu apumzishe hilo goti, ingawa najua hatasikia.

Rangi hizo zinaitwa akriliki. Tuliachiwa hapa karakanani na mama mmoja wa Denmark aliyekuwa akifundisha kuchora, siku alipokuwa akirudi kwao. Wenzangu walizikimbia. Akriliki haina subira: unaichanganya na maji tu, na ikishakauka hairudi nyuma. Kwa hiyo kamua kidogo, kiasi cha punje ya mahindi. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sahani, rangi ikae juu yake. Burashi isilale kavu hata dakika. Ukiitwa na mtu, itumbukize kwenye maji kwanza ndipo uitike. Anza na rangi nyembamba, ikauke, paka nyingine juu yake. Na ujue ikikauka inakolea kuliko ulivyoiona ikiwa mbichi. Ukikosea usilie, subiri ikauke, pita juu. Huo ndio uzuri wake.

Nimekuwekea humu cartaz, bango la karatasi, niliyopewa na jamaa wa ubalozi wetu wa Msumbiji: mwanamke ana jembe, bunduki na mtoto mgongoni. Mchore huyo. Mchore tena na tena, mpaka mtu asijue lipi la kiwandani na lipi lako. Mimi ndivyo nilivyojifunza nilipovuka kuja huku wakati wa vita vya ukombozi, na ndivyo ninavyokula hadi leo.

Mjomba wako,
Ussene

*

Palma, 20 Machi 1980

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na za karakana? Huku mvua zimetubana, njia ya Mocímboa haipitiki. Kwa hiyo barua ikichelewa usidhani nimekusahau. Mama mzima. Mimi mzima kupita kiasi.

Nimemchora mwanamke wa cartaz mpaka naanza kumwota. Mkono umezoea. Sasa sikia: camarada Venâncio, mkuu mpya wa elimu wilayani, mtu wa Zambézia, mbali huko kusini, aliingia darasani kwangu akaona karatasi zangu.

“Camarada Awa, nani amechora?”

“Mimi.”

Akazipekua moja moja. Siku ya pili nikaitwa. Anataka nichore ukuta wa mbele wa cooperativa, ushirika wa akina mama, uwe tayari kwa sikukuu ya Uhuru, Juni. Anataka cartaz ile ile, ikuzwe mpaka ijae ukuta.

Nilifurahi, nisikufiche. Lakini kuna jambo. Nilitaka kujipima kwanza, nikamchora mama kwenye kipande cha ubao. Nilipomwonyesha akainamisha kichwa huku, akakiinamisha huku.

“Huyu nani?”

“Ni wewe, mama.”

“Mimi? Huyu hajala pweza maisha yake.”

Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Alisema kweli. Nilimpa kidevu cha yule wa karatasi, na yale macho yanayotazama mbali, na ngozi ya kahawia iliyotoka kwenye tyubu moja kwa moja. Kesho yake nikamwomba akae mlangoni, nikamtazama yeye tu. Mjomba, nimezaliwa na mtu huyu, na sikujua kwamba shavu lake likiwa kivulini lina buluu. Na msiro anaojipaka usoni, ule mti anaousaga na maji juu ya jiwe, mimi siku zote nimeuita mweupe. Si mweupe. Una umanjano, na ukikauka unafanya nyufa pale anapocheka. Nilipaka nyembamba juu ya nyembamba kama ulivyonifundisha, ila sikunakili kitu. Nikamwonyesha ubao wa pili. Alikwenda kumwita jirani.

Nataka ukutani niwachore wao, mama na wenzake, wakiwa mwambani maji yamekupwa. Nipe ruhusa yako.

Mpwa wako,
Awa

*

Dar es Salaam, 18 Aprili 1980

Awa,

Marahaba. Sisi wazima, na nyinyi nawaombea hivyo hivyo.

Ruhusa sitoi. Mteja akija kwangu anataka chupa ya soda, namchorea chupa ya soda, simchorei mama yangu. Serikali imekuomba cartaz, wape cartaz. Ukuta wa cooperativa si ubao wa nyuma ya jiko. Nimeona watu wakiitwa kujieleza kwa mambo madogo kuliko hayo, na wewe una kazi ya ualimu na mama wa kumtunza.

Tena, nani amekwambia una mkono wako mwenyewe? Umeshika burashi juzi. Mimi nimeishika tangu hujajua kusoma, na sijathubutu.

Kwetu neno la mjomba si la kurukwa. Kwangua chokaa ya zamani mpaka uione saruji, la sivyo rangi itabanduka yote. Chora kilichoagizwa. Natuma nyeupe hizi na buluu moja. Ukikaidi, usiniombe tena.

Mjomba wako,
Ussene

*

Palma, 8 Juni 1980

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimekaidi.

Watu wote wamekamilika ukutani, bado bahari. Jana camarada Venâncio alirudi kutoka Pemba, makao ya Mkoa wetu, akashuka kwenye gari, akautazama ukuta, hakunisalimu. Akasema, “Ipakwe chokaa.” Ndoo zimeletwa. Akina mama wameziweka kando, wamesema ukuta ni wa cooperativa, hakuna wa kuugusa mpaka wanachama wakae kikao, reunião. Itakuwa Ijumaa.

Nikivuliwa ualimu sijui nitamwambia nini mama. Sikuombi rangi. Naomba neno lako tu, hata la kunigombeza.

Mpwa wako,
Awa

*

Palma, 29 Juni 1980

Mjomba wangu Ussene,

Shikamoo tena, ingawa ile ya kwanza hujaiitikia. Kila lori liliposimama nilikimbia kuuliza. Naomba uwe mzima. Zaidi ya hapo sikulaumu. Mama mzima. Keti nikusimulie.

Ijumaa wanachama walijaa hadi barabarani. Camarada Venâncio alisimama mbele ya ukuta wenyewe. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, “Tuliagiza mwanamke mpya. Yuko wapi kitabu chake? Yuko wapi jembe lake? Hapa naona wazee wamejipaka msiro, mambo ya zamani, miguu kwenye tope. Mgeni akija kutoka Mkoa atasema Palma hatujaanza safari.” Kisha akanigeukia. “Camarada Awa, ulipewa cartaz. Kwa nini hukuifuata?”

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya Kireno. Yakapotea yote. Nikasema kwa lugha yetu, “Yule wa kwenye karatasi nimemchora mpaka nimechoka, na mpaka leo simjui jina. Hawa nawajua. Huyu ni Fátima. Yule anayecheka ni Eugénia. Yule aliyegeuka nyuma anamwangalia mwenzake aliyechelewa, kwa sababu mwambani hakuna anayeachwa maji yakianza kujaa. Camarada, mimi sijui kuchora ushirika. Najua kuchora huyu anavyogeuka.”

Watu wakageukia ukuta.

Mama akainuka. Sikumtuma. “Fátima ni mimi,” akasema. “Hii cooperativa imejengwa kwa pweza. Simenti ya ukuta huu ni pweza. Kama sisi ndio mambo ya zamani, basi na simenti irudishwe.” Watu wakaangua kicheko, hata Venâncio alishika mdomo.

Lakini aliyemaliza kazi ni Latifa. Humjui, ni mwanamke wa kijiji cha Diaca aliyeolewa hapa, na wakati wa vita alikuwa msituni na bunduki, kila mtu anajua. Yeye huwa hasemi mikutanoni. Alisema akiwa amekaa: “Wa kwenye cartaz ni mimi. Bunduki nilibeba mimi. Niliibeba ili hawa waende mwambani bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nikitazama ukuta huu naona nilichopigania. Acheni.”

Wakaambiwa wanaotaka chokaa wainue mikono. Mikono michache. Wanaotaka ukuta ubaki: mjomba, sikuona tena watu, niliona mikono tu. Na mmoja, umeinuliwa nusu, ulikuwa wa Venâncio.

Baadaye alinifuata. Akasema, “Mimi niliagiza cartaz kwa sababu tangu nije hapa sijui uso wa mtu. Sasa najua kadhaa.” Kisha akakunja uso kiofisi. “Andika jina lako pale chini, kubwa. Mkoa wakiuliza, waje kwako.” Sijui kama aliniheshimu au alinitega. Nilichanganya nyeusi na buluu kidogo, nikaandika AWA.

Nikuambie na jambo la kazi. Buluu haikutosha bahari. Nilijaribu kuinyoosha kwa maji, ikawa kama nguo iliyochujuka. Basi nikaacha. Bahari yote ni saruji tupu, sikuipaka kitu. Na ndiyo ilivyo maji yakipwa asubuhi: kijivu, baridi, haina mwisho. Watu wananiuliza nimeipata wapi rangi hiyo. Ningekuwa na buluu ya kutosha nisingeiona. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba ninachora mimi, si mwingine.

Siku ya Uhuru waliimba mbele yake. Sikuimba. Niliwatazama tu wanavyofungua midomo, nikihesabu rangi za koo.

Mpwa wako asiyetii, anayekupenda,
Awa

*

Palma, 11 Septemba 1980

Mpwa wangu Awa,

Usishtuke kuona barua imeandikwa Palma. Niko kwenu, nimekaa kwenye mkeka wenu, nimeshiba wali wa nazi wa dada yangu, na afya yangu ni njema kuliko ilivyokuwa miaka hii yote. Wewe huko Mucojo hujambo? Nimeambiwa watu wa Mkoa waliuona ukuta na badala ya kukuita ujieleze wamekuita uchore shule, na baada ya hapo Diaca.

Barua zako mbili zilinifikia pamoja, mwezi wa nane. Ningefungua ya pili kwanza ningesalimika. Nilifungua ya kwanza. Nilivaa viatu nije nikutetee, hata sijui kwa nani, ndipo mke wangu akaniambia, “Kuna nyingine hapo.” Tuliisoma kwa sauti karakanani. Kisha nikaomba likizo, maana viatu nilikuwa nimeshavaa.

Nimefika jana. Sikuuliza njia ya nyumbani, niliuliza ya cooperativa. Nilitaka kuukagua kama fundi: umekwangua vizuri, rangi imeshika, mvua haijaigusa. Nikasogea. Awa, dada yangu nilimwacha bado kijana. Nilikuwa sikumbuki tena sura yake, na hilo sijapata kumwambia mtu. Na pale katikati alikuwa amesimama, ameinamisha kichwa kidogo upande kama marehemu mama yetu, anataka kunicheka. Mdomo wangu ulisema, “Dada, shikamoo,” kabla akili haijaniambia ni ukuta.

Nyuma yangu mtu akajibu, “Marahaba, Ussene. Geuka basi, mimi niko huku.”

Nilimtambua kwenye mchoro wako kabla sijamtambua mwenyewe. Tulilia pale barabarani, watu wanapita wanatusalimu kama kawaida.

Nilikuandikia kwamba huna mkono wako. Sasa ninao ushahidi kwamba unao, una urefu wa ukuta mzima. Nimeandika mabango ya nusu ya jiji, na hakuna hata moja ambalo mtu amewahi kuliamkia.

Barua hii inatangulia leo na gari la elimu; kesho lori linakwenda Macomia, nitapanda, na kutoka hapo nitatafuta la kunifikisha Mucojo. Nina burashi zangu. Usiumalize ukuta wa shule kabla sijafika. Niachie nafasi ya kuchora mtu mmoja, hata pale pembeni. Usinichoree mstari, usiniambie ni nani. Nitamtafuta mwenyewe.

Mjomba wako,
Ussene