Kwa Nini Mtu Wako Anaelea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na viazi vya shamba letu la Mlola tumevuna. Unauliza kwa nini mtu uliyemchora kwenye kompyuta anatembea kama anaelea.

Enzi za Ujamaa nilifundisha watu wazima kusoma. Akina mama walianza kuacha darasa, basi ili kuwavuta warudi nikawachorea mwanamke mwenye kuni kichwani akipanda mlima, kurasa nyingi za daftari, kila ukurasa akisogea kidogo. Ukizipeperusha haraka, anatembea. Mmoja wao, Mama Hiza, akacheka: "Mwalimu, huyu wako kabeba manyoya!"

Nikamwomba apande mlima na mzigo wake wa kuni, nimtazame. Kichwa kilitulia, kiuno ndicho kilichohangaika, na kila hatua goti lilikunjika kidogo kabla ya kuinuka. Nikachora upya, nikianza na mzigo. Mama Hiza alipotazama, alijishika shingo kana kwamba mzigo ule uko kichwani kwake, kisha akaketi kusoma.

Babu yako, Lushoto