Nambari Sita Kichwani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Changamwe, 16 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi.
Jina: Mwanarehema Sharif. Umri: miaka 31. Kazi: mwelekezaji wa trela, yadi ya makontena. Makazi: Jomvu Kuu.

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya trela inaporudi kinyumenyume na kupuliza filimbi dereva asimame. Marehemu Ngala Ruwa alikuwa mwenzangu. Yeye alikuwa akiweka vigingi chini ya magurudumu.

Mnamo tarehe 7 Oktoba nilikosea nambari ya kontena moja. Msimamizi wetu, Dancun Oduor, alilitupa daftari langu mtaroni. Akasema, "Kuanzia leo utaandika kichwani." Kila asubuhi alinitajia nambari sita za makontena, nami nizitaje kwa redio ya mkononi wakati wowote atakapouliza, hata trela ikitembea. Nikisahau, nilisimamishwa juani saa ya chakula, na wenzangu wakaambiwa wacheke. Ngala hakucheka. Akasimamishwa kando yangu.

Nilimwambia Dancun, "Bosi, wallahi siwezi kushika nambari na kuangalia gari kwa pamoja."

Akajibu, "Mamangu alikuwa akipika huku ananyonyesha."

Mnamo tarehe 14 Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, trela ilikuwa ikirudi kuelekea ukutani. Ngala aliinama kuokota kigingi kilichoteleza. Dancun akaita redioni, "Nipe ya nne." Ya tatu nilikuwa nayo, ya nne imenitoka. Nikaanza tena tangu ya kwanza, kimoyomoyo. Macho yangu yalikuwa kwa Ngala, lakini sikumwona. Nilisikia akiniita, "Mwana! Mwana!" Nikadhani atasubiri. Filimbi ilikuwa kifuani pangu.

Dereva alisimama mwenyewe aliposikia mshindo. Ngala alikuwa amebanwa ukutani, amekwisha. Dancun alikuja mbio, akamtazama, akanigeukia. "Na ya nne?"

Nikaitaja. Ilinijia wakati ule.

Jioni, nje ya chumba cha maiti, mke wa Ngala, Kahaso, aliniuliza, "Dada, aliita mtu?" Nikamwambia hakuwahi.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi: Mwanarehema Sharif

Maelezo ya afisa: Shahidi aliomba mjane wa marehemu asisomewe maelezo haya. Nimemweleza kuwa yatasomwa mahakamani, mjane akiwepo. Akatia sahihi.
Konstebo Janice Nafula