Watu Waliokuwepo Uwanjani Kweli

Jumapili, 15 Septemba

...na hata baada ya hayo yote Baba hakuikubali ile idadi. Watu elfu kumi na moja mia tisa! Ndivyo kipaza sauti kilivyotangaza jana katika robo ya tatu ya mechi. Baba akageuka kutazama viti vitupu vya buluu upande wa mashariki, akaniuliza kama mimi nawaona hao watu au ni macho yake yamezeeka. Bwana Haldor wa kiti cha nyuma akasema klabu inahesabu na shakwe wanaookota chipsi. Mkewe akasema hapana, inahesabu watu pamoja na vivuli vyao.

Baba alihesabu ng'ombe mnadani miaka thelathini na mmoja. Lango likifunguliwa wanapita mbio, yeye anawahesabu watano watano na hakosi hata ndama. Jana, robo ya pili, watu wakiwa wameketi, alipita ukingo wa juu na kidude chake cha kubofya, jukwaa baada ya jukwaa. 6,412.

Simu inamshinda, vidole vyake ni vinene mno. Kwa hiyo nimemwandikia mimi kwenye ukurasa wa mashabiki, kama kila mechi tangu Mama afariki. Jina letu huko ni Safu ya Juu. Hakuna anayejua ni nani. Ni mchezo wetu, Baba na mimi.

Na Delmar — mume wangu! Wiki tatu na siku moja — alikuwa kule chini kandokando ya uwanja na mfuko wake wa mipira, koti la wafanyakazi wa Korongo, timu yetu, likimpwaya mabegani. Aliinua uso akanitafuta kati ya watu wote wale. Elfu sita au elfu kumi na moja, alinipata mara moja. Nimefurahi mpaka naona aibu kuandika.

Alhamisi, 19 Septemba

Ukurasa wa mashabiki umewaka. Majibu mia mbili kwa namba ya Baba! Mmoja kasema Safu ya Juu amesahau walio chooni. Mwingine kamjibu: watu elfu tano chooni kwa wakati mmoja? Basi tubomoe uwanja, tujenge vyoo. Mwingine anadai tiketi zilizouzwa ndizo mahudhurio, hata kama mwenye tiketi yuko shambani anavuna ngano. Akaulizwa kama mkewe naye humhesabu yuko kitandani hata akiwa safarini.

Nilimsomea Baba kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu.

Delmar kaniletea donati jioni. Nusu. Nyingine kaila njiani, na sukari iko kwenye masharubu. Nampenda huyu mtu.

Jumatano, 25 Septemba

Redio imesoma namba yetu. Sasa sijui niandike vipi.

Delmar alirudi mapema, hakuvua hata viatu. Baraza la mji linapiga kura mwezi ujao kama litalipia ukarabati wa jukwaa la mashariki, vyuma vyake vimeliwa na kutu. Klabu ililiandikia baraza kwamba kila mechi wanakuja watu zaidi ya elfu kumi na moja. Diwani mmoja amesikia redio, akauliza: elfu kumi na moja, au elfu sita? Mwenye timu amewaita wafanyakazi wote. Baraza likikataa, msimu ukiisha Korongo inafungwa. Hakuna mwaka ujao.

Delmar alianza kufua jezi za Korongo akiwa na miaka kumi na saba. Helmeti zote anazijua kwa mikwaruzo yake. Nyumba hii tumepanga kwa sababu kutoka dirisha la jikoni taa za uwanja zinaonekana.

"Mtu mmoja asiye na jina anatumaliza, Lesia," alisema. "Mtu mmoja tu."

Nilimwambia supu inapoa. Ndilo jambo pekee nililosema. Supu inapoa.

Jumapili, 29 Septemba

Jana nilimsihi Baba asihesabu. Nilimweleza yote, baraza, mashariki, kazi ya mkwewe. Alinisikiliza huku akimenya yai la kuchemsha.

"Mnadani nikisema wameingia mia, mnunuzi akakuta tisini, kesho harudi," alisema. "Wakiijua idadi kamili watapunguza bei ya tiketi. Vijana watarudi. Uongo ndio unaoua timu, si mimi."

"Na Delmar, Baba?"

"Delmar ni kijana mzuri. Sina neno naye."

Alihesabu. 5,980. Upepo ulikuwa mkali na mashine za kuvuna bado ziko mashambani. Tumefungwa kwa pointi moja, ile ambayo mpira wetu huu wa Kanada huwapa wapinzani wakiupiga ukafia nyuma ya goli letu, na mkimbiaji wetu akashindwa kuutoa. Watu waliondoka kimya. Baba aliandika namba nyuma ya tiketi, akanipa.

Nikamwambia simu haina chaji.

Alitazama mfuko wa koti langu, simu ikiwa inawaka humo. Sikuwahi kumdanganya Baba kabla ya jana.

Jumapili, 6 Oktoba

Bado sijamwambia mume wangu. Delmar anadhani nina mafua. Ananichemshia maji ya limau, ananifunika blanketi la timu. Kila akinifanyia wema natamani anipigie kelele.

Nilifungua kinywa mara tatu leo. Mara ya tatu aliniuliza kama nataka asali.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Tulikula kwa Baba. Bata mzinga, perogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, pai ya boga aliyoioka Delmar mwenyewe, imeungua upande mmoja. Mambo yalikuwa mazuri kwa dakika ishirini hivi.

Kisha Delmar akaanza, kwa mzaha tu. "Mzee, ningemjua huyo Safu ya Juu ningempa soksi za mechi nzima azifue kwa mkono."

Kisu cha Baba kikasimama ndani ya bata. Akanitazama. Nikatazama viazi.

"Labda ni mzee tu, amekosa kazi," Baba akasema.

"Mzee au kijana, ni mwoga. Mwanamume mwenye uhakika na hesabu yake anaweka jina lake."

Masikio ya Baba yakawa mekundu. Akamkatia Delmar paja, kipande kikubwa kuliko vyote, akamwekea kwenye sahani. "Kula, mwanangu," alisema.

Mlangoni, Delmar akiwa anawasha gari, Baba alinishika mkono. "Nimeitwa mwoga mezani kwangu, nikanyamaza kwa ajili yako. Mara moja, Lesia. Sina ya pili."

Njia nzima Delmar alikuwa akisifu nyama.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baraza limeahirisha kura hadi Jumanne tarehe 29. Linamwomba Safu ya Juu ajitokeze ofisini kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, tarehe 26, ahesabu siku hiyo mbele ya karani wa mji. Namba yake ndiyo watakayoitumia.

Ukurasani wanamtania. Hatokei. Yuko chooni na wale elfu tano.

Delmar alinibeba akanizungusha jikoni. "Hawezi kuja, mke wangu. Na asipokuja, watajua ni mwongo. Tumepona." Alinibusu kwenye paji la uso. Nikalia, akadhani ni furaha. Nina siku hamsini na nne tu za ndoa na tayari kuna chumba ndani yake ambamo mume wangu hajaingia.

Jumapili, 20 Oktoba

Baba amepiga simu saa nne asubuhi. Delmar alikuwa mezani anashona namba 44 kwenye jezi iliyochanika, uzi mdomoni, anaimba vibaya.

"Ijumaa naenda kwa karani," Baba alisema. "Naweka jina langu. Lako sitalitaja, hata wakiniuliza nani aliandika. Lakini kijana asisikie redioni kwamba ni mimi. Mwambie wewe kabla."

"Nani huyo?" Delmar akauliza.

"Baba."

"Msalimie. Mwambie tarehe ishirini na sita amlete kila mtu anayemjua, hata majirani wasiopenda mpira. Lazima tujaze. Mwambie mkwewe ndiye anayeomba."

Baba alisikia. Sauti ya Delmar ni kubwa. Nilisikia pumzi za Baba kwenye simu, na nyuma yake saa ya ukutani ya Mama.

"Umemsikia," nikasema.

"Nimemsikia. Atakuja kunitazama usoni baada ya hapo, unadhani?"

Delmar alikata uzi kwa meno, akainua jezi kwenye mwanga wa dirisha nione jinsi mshono ulivyonyooka. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni mzuri. Ni mzuri kweli.

"Tutakuja kukuona, Baba," nikasema, nikiikwepa Ijumaa yake. "Mimi na Delmar, wote wawili. Kabla mwezi haujaisha."

"Mimi nimesema Ijumaa, Lesia."

"Najua, Baba. Kabla mwezi haujaisha. Tutakuja."