Kamongo Wako, Mama

Mama,

Nakuandikia ofisini, wenzangu wamekwenda kula. Bado ni karani wa samaki hapa Bukoba. Bado mwoga.

Unamkumbuka yule mtafiti aliyekuja kutafuta kamongo, yule samaki wa matopeni, nikakataa hata kumshikia ndoo? Nilimwambia ni muziro, mwiko wa ukoo wa mama yangu, hatumgusi. Akanicheka: "Dada, nakata kipande cha pezi tu!" Nilipokusimulia pale kitandani ulipougua, ulicheka hadi ukakohoa. "Koku, wewe ni wa ukoo wa baba yako. Kamongo hakuhusu." Lakini jikoni kwako hakuingia kamwe. Bibi alikufunza: ndugu haliwi.

Jana mtafiti alirudi. Kile kipande kimesomwa ng'ambo. Alitandaza karatasi mezani zikafunika hata taipureta yangu: herufi nne tu za vinasaba, zikijirudia kwa mpangilio usiokwisha, elfu kumi na sita na ushei. Huo, akasema, ni urithi ambao kamongo huupata kwa mama yake peke yake. Baba hachangii hata herufi moja.

Nikauliza polepole, "Na sisi watu?"

"Vilevile, dada. Wako ni wa mama yako, wa bibi yako, nyuma huko hadi pasipo na majina."

Kisha akasema samaki huyu avutaye hewa yuko karibu nasi kiundugu kuliko alivyo karibu na sato. Nikamfikiria Bibi.

Tangu tukuzike Muleba, pale migombani, shangazi hachoki kuniuliza: "Mama yako kakuachia nini, zaidi ya huo ugonjwa?" Nilikuosha vidonda kwa mikono mitupu, na tangu hapo kila nikikohoa nahesabu siku zangu. Nimefika lango la hospitali nikageuka, si mara moja.

Leo jibu ninalo. Wewe umo mwilini mwangu kote, hata katika vidole hivi vinavyokuandikia, na hakuna wa ukoo wa baba awezaye kudai kwamba urithi huo ni wake. Ugonjwa, kama upo, ni mgeni tu. Wewe ulitangulia.

Jumatatu nitapita lile lango, nitoe damu ipimwe. Watakaloniambia nitakuja kukueleza kaburini kwa sauti, shangazi akisikia. Na kamongo sitamla, Mama, ingawa hanihusu.

Lala salama.

Koku wako