Kesho Lori la Pamba Litapita Juu Yangu

Baba Kulwa, shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nikianza bila shikamoo utasema nimejiona fundi mkubwa kabla sijakomaa.

Kesho lori la pamba linapita kwenye daraja letu la korongoni, na mimi ndiye nitakayekaa chini yake. Ndiyo, mila yako imeniangukia. Ulikuwa unaketi chini ya kila daraja jipya na kiko chako, lori la kwanza linapita juu, unasema, "Mpishi aonje kwanza." Sisi tunacheka. Sasa sicheki, baba.

Ulituacha zege likiwa bado bichi ndani ya mbao. Tulipotoka matangani nikavua mbao, nikagonga kwa nyundo kama ulivyonifundisha. Kote likalia vizuri, ngo, ngo. Kwenye ubavu wa kuelekea mjini Mhunze likaitika kibubu. Nikachokoa. Mungu wangu! Matundu kama sega la nyuki, nondo inachungulia. Ni palepale tulipokuwa tunashindilia ulipoanza kushika kifua.

Nikachimbua pote palipo dhaifu mpaka nikafika kwenye zege gumu. Nikasugua kutu ya nondo, nikaosha, nikajaza mchanganyiko mkavumkavu, nikaushindilia kwa mti. Lakini kiraka kinataka kunyweshwa maji kila siku ndipo kikomae, wewe unajua, na lambo limebaki tope. Nilipokifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, watu wakanijia juu: "Bhebhe, wewe Shija, ng'ombe wanakufa kwa kiu, unanywesha mawe?" Walikuwa na haki.

Mama Kulwa ndiye aliyeniokoa. Majirani walijinyima wakajaza mitungi pale kwako, maji ya msiba. Yaliyobaki akayabeba kichwani mwenyewe, mjane na kaniki yake, akayamwaga juu ya magunia. Kesho yake tena. Nani angethubutu kumkemea? Baadaye wanawake wengine wakaanza kuja na vibuyu, kila mmoja kidogo. Nililia, baba, nikasingizia vumbi la saruji.

Jana nimegonga tena kile kiraka. Kinalia. Nikarudia, kinalia. Halafu njiani nikaanza kujiuliza: nimesikia zege, au nimesikia tamaa yangu? Ningepata masikio yako kwa dakika moja tu! Lori litakuja limejaa mpaka juu, na dereva wake ni mtu wa mbio.

Mama Kulwa alinikataza kukaa chini. "Sina machozi ya watu wawili," alisema. Nikamwambia, mama, fundi akilikimbia daraja lake, nani atalipita? Mvua zikija watu watavuka tena majini, palepale mto ulipomchukua Doto wenu. Akaingia ndani, akatoka na kiko chako, akanipa. Mimi sivuti, lakini nitakishika.

Naogopa, baba. Nakuambia wewe kwa sababu hapa nyumbani najifanya shujaa.

Haya, pumzika. Lori likishapita nitakuja kaburini na kiko chako, nikae nikusimulie kila kitu. Lisipopita, nitakusimulia uso kwa uso, na wewe ndiye utakayemjibu Mama Kulwa.

Mwanao wa kazi,
Shija