Nyuma ya Kiwanda cha Matofali

Jumanne, 4 Juni

Shikamoo dada yangu,

Sisi hatujambo, kikohozi cha mdogo kimemwachia. Natumaini mgongo wako umepoa na cherehani inalia kutwa.

Dada, mwanangu mkubwa aliulizwa shuleni kama ana binamu. Akajibu, "Nadhani." Nadhani! Nilicheka mbele yake, kisha nikajifungia chooni nikalia. Tunaishi mji mmoja na watoto wetu hawajuani.

Nimewaza twende nao siku moja kuona wanyama. Si ile bustani kubwa, kule hata kutazama geti nahisi wanatoza. Kuna mbili ndogo. Ya mtoni ina simba, ila kiingilio kinauma. Hii ya nyuma ya kiwanda cha matofali haina simba, ina nyani, mamba, tausi na fisi mmoja mwenye kinyongo, na Jumapili watoto hawalipi. Chakula tubebe cha nyumbani. Unasemaje?

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 9 Juni

Kitinda,

Marahaba. Huku tu wazima, ukiacha mgongo, na huo sasa ni mwanafamilia. Barua yako imenikuta nazama kwenye sare za shule.

Hapo kiwandani panatosha. Wanangu wakitaka simba, wanitazame mimi asubuhi kabla ya chai. Nitaleta mkeka na maji, wewe leta mikate na mayai ya kuchemsha. Mapacha wameshaanza kugombania nani atakaa karibu na nyani. Mkubwa wangu anajifanya mtu mzima, eti hayo ni mambo ya watoto, lakini jana nimemkuta anapiga pasi shati.

Jambo moja, nalisema mapema tusije tukalaumiana: sisi na watoto tu. Unajua namsema nani. Tangu baba aliponitoa nje na mimba ya huyu mkubwa, akazitupa nguo zangu kwenye matope majirani wakitazama, mimi sina baba. Wewe kuwa naye sikukatazi.

Basi tukutane Jumapili ya tarehe 23 asubuhi, pale getini.

Dada yako


Jumatatu, 24 Juni

Shikamoo dada,

Mko salama kweli? Jana tuliwangoja getini hadi mlinzi akatuonea huruma, akatupisha kivulini. Mapacha wanaumwa? Binti zangu walikuwa wanakimbilia kila mtoto aliyeshuka kwenye basi, "Wewe ndiye binamu?" hadi nikawakataza.

Nijibu upesi, moyo haujatulia.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 30 Juni

Kitinda,

Hatuumwi. Tulifika.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, mkeka kwapani, mapacha nimewashika mkono huku na huku. Nikamwona amekaa kwenye benchi kando yako, amevaa koti lake la harusini, fimbo katikati ya magoti. Miguu ikagoma kuvuka. Mkubwa wangu akatazama kule, akaniambia, "Mama, yule mzee mbona ana masikio kama yangu?" Nikamjibu kwamba watu hufanana. Nimemdanganya mwanangu barabarani kwa ajili ya ujanja wako. Tukageuza, mapacha wakilia njia nzima.

Nilikuomba jambo moja tu, Kitinda. Na katika barua yako hukulitaja hata kwa kuteleza.

Sasa niambie, maana ujinga haunitoki: aliniulizia?

Dada yako


Jumatano, 10 Julai

Shikamoo dada,

Nisamehe. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilidhani amelainika. Amezeeka, dawa zake anasahau, na siku nyingine namkuta anatokwa na machozi redio ikiwaka. Nilipomwambia kwamba utakuja, alinyoa ndevu, akatoa lile koti. Nikasema moyoni, anajiandaa kwa ajili ya mwanawe. Nikaona mkikutana mbele ya wajukuu, aibu itawapatanisha.

Ningeweza kukudanganya, lakini nimekwisha kufanya hivyo mara moja. Hakukuulizia. Jua lilipopanda alisema, "Si nilikwambia? Yule hana malezi." Tukaingia, akawacheka nyani hadi akashika mbavu. Wakati wa kula alinyoosha mkono kwenye fungu la mayai ya wanao. "Lete hayo, wenyewe hawapo." Mwanangu mkubwa akamwambia, "Babu, hayo ni ya binamu zetu." Akamuuliza, "Binamu gani?" huku akimenya yai.

Koti lilikuwa la kumwonyesha mlinzi wa geti, dada. Walikuwa pamoja kazini zamani.

Tafadhali, tupange siku nyingine. Mimi na wewe na watoto, hakuna mwingine. Naapa.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 28 Julai

Kitinda,

Sisi ni wazima.

Mkubwa wangu nimemweleza yote, maana ule uongo ulinikwama kooni. Habari ya matope, ya benchi, hadi ya "binamu gani". Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Nilidhani atauliza kwa nini babu yake anamchukia. Hakuuliza hilo. Aliniuliza, "Na mama mdogo, alipoulizwa 'binamu gani', alijibu nini?"

Nikaisoma tena barua yako tangu juu hadi chini. Nikamwambia sijui.

Jumapili iliyopita tulikwenda bustani ya mtoni, sisi wenyewe. Mapacha walifurahi. Yeye alitembea nyuma yetu.

Usipange siku nyingine kwa sasa. Ukilipata la kumjibu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Mama Mapacha